Sura ya Saba: Kioo cha Simu na Uwanja wa Saruji

Mwalimu wa mpira wa kikapu aliyekabidhiwa wanafunzi 60, mipira 4 na uwanja mmoja, kisha akaambiwa kuwa kipindi chake ni cha dakika 80, amekabidhiwa hesabu isiyo na huruma. Mipira 4 kwa watu 60 ni mpira 1 kwa watu 15. Na ikiwa nusu saa ya kipindi itakwisha katika kueleza kanuni, kuchora mistari kwa chaki, kukemea wanaonong'ona na kuonyesha kwa mkono wake mwenyewe jinsi ya kurusha, zitabaki dakika 50, ambazo zikigawanywa kwa haki kamili, haki ambayo uwanjani ni nadra kuonekana, zitampa kila mwanafunzi dakika 3 na ushei za kuushika mpira. Muda uliobaki anasimama juani akiwatazama wenziwe. Basi kama ile nusu saa ya maneno ingeondolewa uwanjani ikapelekwa bwenini, usiku, ndani ya simu ya mwanafunzi, na mwalimu akajibakishia dakika 5 tu za kupanga watu, mpira ungekaa katika mikono ya kila mmoja kwa dakika 5 badala ya hizo 3, na nyongeza hiyo, ikirudiwa wiki baada ya wiki kwa muhula mzima, ingekuwa sawa na kumpa nusu ya kozi nyingine bila ya chuo kununua hata mfuko mmoja wa saruji.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote juu ya ufundishaji mseto, yaani ule unaochanganya mafunzo ya mtandaoni na mafunzo ya ana kwa ana, katika mchezo huu. Husemwa mengi mengine: kwamba ni ishara ya maendeleo, kwamba vijana wa zama hizi hupenda vioo vya simu kuliko vitabu, kwamba China, ambako elimu ya michezo ni somo la lazima vyuoni, wametuacha mbali. Huenda yote yana ukweli wake, lakini hayamfai mkufunzi aliyesimama mbele ya wanafunzi 60. Kinachomfaa ni kujua kwamba uwanja na mpira ndiyo mali yake iliyo adimu, na kwamba kila neno linaloweza kusemwa mahali pengine na likasemwa uwanjani limekula mali hiyo.

Ama nchi ninayoifikiria ninapoandika haya ni ile ya Handeni na Korogwe. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara hupita Mkata na Kabuku katika nchi ya Wazigua, akafika Segera ambapo njia hugawanyika, moja ikishika upande wa Tanga na nyingine ikielekea Korogwe na Moshi, milima ya Usambara ikiwa mkono wa kulia na mashamba ya katani yakitandaa bondeni. Katika nchi hii mpira wa miguu ndio sultani, na mpira wa pete ndio malkia. Mpira wa kikapu ni mgeni anayepokewa katika baadhi ya sekondari na vyuo, na vijana walio wengi huugusa kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima. Wanaousomea kwa makusudi ni wa namna tatu: walimu tarajali wa Chuo cha Ualimu Korogwe, wanafunzi wa vyuo vikuu, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambacho kina idara ya elimu ya michezo, wanaoletwa katika shule za wilaya hizi kwa mazoezi ya kufundisha, na watumishi, aghalabu walimu walioajiriwa tayari, wanaosoma kwa masafa katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Hao wa tatu ndio wenye taabu kubwa zaidi, kwa sababu mtu huweza kusoma historia ya elimu akiwa Handeni peke yake kwa mwanga wa taa, ilhali mpira wa kikapu hauchezwi peke yake.

Kuanza mchezo ukubwani si balaa. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliushika mpira huu akiwa kijana wa miaka 15 hivi, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa ligi ya NBA, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi hiyo. Ni kweli kwamba Mungu alimjaalia urefu usiopatikana kwa masomo, na simtaji ili kila mwanachuo ajione yeye. Namtaja kwa kuwa wapo wakufunzi wanaomkatia tamaa mwanafunzi wa miaka 22 kwa hoja kwamba viungo vyake vimekwisha kukomaa.

Wanaodhani kwamba kuufundisha mchezo huu kutoka mbali ni bidaa ya karne hii hawakumbuki jinsi mchezo wenyewe ulivyoanza. Ulizaliwa darasani, katika chuo. Desemba 1891, katika chuo cha Y.M.C.A. mjini Springfield, jimbo la Massachusetts huko Marekani, mwalimu mmoja mzaliwa wa Kanada, James Naismith, alipewa na mkuu wake Luther Gulick darasa la vijana 18 waliochoshwa na mazoezi ya ukumbini wakati wa baridi, akatakiwa awabunie mchezo. Akaomba masanduku, akapata vikapu viwili vya mafyulisi, akavipigilia kwenye ukingo wa roshani, ambao kwa bahati ulikuwa na kimo cha futi 10, na kimo hicho, yaani mita 3.05, ndicho kimo cha pete hadi leo. Akaandika kanuni 13 akazibandika ubaoni. Mchezo wa kwanza ulikwisha kwa bao 1 kwa 0. Lakini jambo linalotuhusu sisi ni lililofuata: tarehe 15 Januari 1892 kanuni zile zilichapwa katika gazeti la chuo hicho, gazeti likasafirishwa kwa posta kwenda katika matawi ya Y.M.C.A., na watu ambao hawakuwahi kumwona Naismith wakaanza kucheza kwa kusoma. Vijana wa darasa lile, waliokuwa wakisomea ualimu wa mazoezi na uongozi, nao wakatawanyika wakiubeba mchezo katika miili yao. Karatasi ilitangulia na mtu akafuata, au mtu akatangulia na karatasi ikamthibitisha. Kwa vyovyote vile vilikwenda viwili.

Nasi hapa Tanzania hatukuwa wageni wa njia hiyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi, wakasikiliza Redio Tanzania kwa wiki 12, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha, na hapa ndipo ilipo siri ya mafanikio yake, wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka majani. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977, taifa lilihitaji walimu wengi kuliko vyuo vilivyoweza kupokea, likawafundisha makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakiwa kazini vijijini, kwa masomo ya posta, kwa redio, kwa uangalizi wa waratibu wa elimu wa kata, na mwishoni kwa kuwaita vyuoni ana kwa ana. Ubora wa walimu wale ulibishaniwa sana na bado unabishaniwa. Hata hivyo muundo ulikuwa sahihi: sauti kutoka mbali, msimamizi wa karibu, na kazi ya mikono. Leo walimu walio kazini wana mpango wa MEWAKA, ambao nao huunganisha masomo ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania na mikutano ya walimu shuleni na katika vituo vyao. Ukiutazama vizuri utamtambua babu yake.

Sasa tuingie katika mchezo wenyewe na tuulize ni kipi kiende kwenye simu na kipi kibaki uwanjani. Wamarekani wawili, Paul Fitts na Michael Posner, katika kitabu kilichotoka mwaka 1967, walieleza kuwa ustadi wa mwili hupita katika madaraja matatu: kwanza mtu huelewa kinachotakiwa na hukifanya huku akijisemesha moyoni, kisha hurudia na kupunguza makosa, na mwisho kitendo hujiendea chenyewe bila ya kufikiriwa. Daraja la kwanza ni la akili na macho, na linaweza kufundishwa kwa kioo kwa sehemu kubwa. La pili na la tatu ni la mikono, miguu na jasho. Kosa la wengi wanaotunga masomo ya mtandaoni ni kudhani kwamba mwanafunzi aliyetazama picha mara 20 amepanda madaraja yote, kumbe ameketi kwenye ngazi ya kwanza akaizoea.

Nitoe mfano mmoja wa jambo linalofaa kioo, na ambalo uwanjani hupotea kwa kelele. Pete ina kipenyo cha sentimita 45, na mpira wa wanaume una kipenyo cha sentimita 24 hivi. Mpira unaodondoka wima kutoka juu hukuta mlango wote wa sentimita 45. Unaoingia kwa mshazari wa nyuzi 45 hukuta mlango wa sentimita 32 tu. Na unaorushwa bapa, ukaifikia pete kwa nyuzi 30, hukuta mlango wa sentimita 22 na nusu, ambao ni mwembamba kuliko mpira wenyewe, hivyo hauwezi kupita bila ya kugonga chuma. Mwanafunzi akionyeshwa hayo kwa mchoro unaotembea, wa dakika 2, akausimamisha anapotaka na kuurudisha nyuma mara tatu, ataelewa kwa nini mkufunzi kila siku humpigia kelele ainue mpira, na kelele zile zitapata maana ambayo hazikuwa nayo. Vivyo hivyo kanuni za hatua mbili na kudunda mara ya pili, mipaka ya uwanja wa mita 28 kwa 15, ishara za waamuzi, sekunde 24 za kushambulia, na namna ya kupanga ulinzi wa kanda na wa mtu kwa mtu: yote haya ni maarifa yanayoshikika kwa macho, na yatahiniwe hukohuko kwenye simu kwa maswali machache kabla ya siku ya uwanja, ili asiyejibu asiwacheleweshe wenziwe.

Kuna elimu nyingine, hata hivyo, ambayo kioo hakiwezi kuiona kwa kuwa imo ndani ya mwanafunzi tangu alipokuwa mtoto. Wasichana wengi wa Handeni na Korogwe wafikapo chuoni wamekwisha cheza mpira wa pete kwa miaka mingi, tangu shule ya msingi, kwenye uwanja wa udongo wenye nguzo mbili za miti na pete za nondo. Mchezo huo ni binti wa mpira wa kikapu, na nao ulilelewa chuoni: ulichukua sura yake nchini Uingereza katika miaka ya 1890, katika chuo cha walimu wa kike cha Martina Bergman-Österberg. Pete yake ina kimo kilekile cha mita 3.05, lakini kipenyo chake ni sentimita 38, wala haina ubao nyuma yake. Maana yake ni kwamba msichana aliyekuwa mfungaji wa shule yake amekuwa akilenga shabaha iliyo finyu kuliko ya kikapu, bila ya ubao wa kumsaidia, na mkono wake umekwisha jifunza kuinua mpira bila ya kusomeshwa habari za nyuzi. Tena anajua kudaka, anajua kutoa pasi ya kifuani, na anajua kugeuka kwa mguu mmoja huku mwingine ukiwa umeganda. Asichokijua ni kudunda na kukimbia, na tabia inayomwangusha ni ile ya kusimama ghafla kila adakapo mpira, kama kanuni za mchezo wake wa kwanza zilivyomwamuru.

Mwanamume aliyetoka katika mpira wa miguu ana hali tofauti kabisa: anaijua nafasi, anajua kukimbia pasipo mpira, na mikono yake haijui kitu. Ukiwapa hawa wawili somo moja la mtandaoni, na kila mmoja akalitazama kwa utiifu, umempotezea kila mmoja nusu ya usiku wake. Uzuri wa mtandao, ambao wengi hawautumii, ni kwamba huweza kuwagawa: aliyetoka katika pete apelekewe masomo ya kudunda, ya kusimama na kuondoka, ya kutumia ubao, aliyetoka katika soka apelekewe ya vidole na kiganja, kisha uwanjani mkufunzi awachanganye makusudi, binti wa Sindeni akamfundisha kijana wa Mombo kudaka, na kijana akamfundisha binti kukimbilia nafasi iliyo wazi. Ni jambo la kusikitisha kwamba katika mitaala mingi mpira wa pete na wa kikapu huandikwa katika kurasa mbili kana kwamba haijuani.

Simu ina kazi ya pili, nami naiona ni bora kuliko ile ya kwanza, nayo ni kumrudishia mwanafunzi sura yake. Tuseme wamekaa watatu katika kona ya uwanja, mmoja akirusha, mmoja akirudisha mpira, na wa tatu akipiga picha ya video kutoka ubavuni, simu ameiegemeza kwenye tofali ili isitikisike. Mrushaji anaapa kwamba kiwiko chake kimenyooka. Wakiirudia picha kwa mwendo wa polepole, kiwiko kimetoka nje kama bawa la kuku, kiganja kimeusukuma mpira badala ya vidole, na miguu imeondoka ardhini baada ya mpira kwisha kuondoka. Hapo hakuna mjadala, wala mkufunzi hakuhitaji kumwaibisha mbele ya watu. Atarusha tena mara 10, na picha ya pili itawekwa kando ya ile ya kwanza. Kutazama mabingwa wa Marekani wakiruka ni burudani halali, na simkatazi mtu, lakini kwa anayejifunza, sekunde 6 za mkono wake mwenyewe zina faida kuliko saa nzima ya mkono wa bingwa.

Tukisema simu, tumesema bando, na tukisema bando, tumegusa mfuko wa mtu. Mto Pangani unaopita Korogwe umekuwa ukizalisha umeme pale Hale tangu mwaka 1964, na minara ya simu imesimama kando ya barabara kuu. Lakini ukiiacha lami kuelekea ndani ya Handeni, mtandao huja na kuondoka upendavyo, na mwanafunzi asiye na posho hana budi kuchagua baina ya bando na chakula cha jioni. Kwa hiyo somo la mtandaoni litakalodumu katika wilaya hizi ni lile lililo jepesi: video ya dakika 2 au 3 iliyopunguzwa uzito, inayopakuliwa mara moja pale chuoni penye mtandao, kisha ikagawanywa kutoka simu hadi simu bila ya gharama, na kutazamwa hata pasipo mawimbi. Mhadhiri anayetaka wanafunzi 60 waingie wote mtandaoni saa 2 usiku kumsikiliza akihutubu kwa saa nzima ameuhamishia mtandaoni ugonjwa uleule wa uwanjani, na safari hii kwa gharama ya wanafunzi.

Vyuo vilipofungwa katikati ya Machi 2020 kwa sababu ya korona, na kufunguliwa tena tarehe 1 Juni, walimu wa masomo ya vitendo waliuona mpaka wa mambo haya kwa macho yao. Kanuni zilisomeka majumbani, na mazoezi ya mwili yalifanyika uani. Lakini pasi haina maana pasipo mwenzio wa kuipokea, na ulinzi haufundishiki pasipo mtu wa kumzuia. Michezo ya timu ndiyo iliyodhihirisha kwamba sehemu ya ana kwa ana haina mbadala, na chuo kinachopunguza vipindi vya uwanjani kwa kisingizio kwamba video zipo kimeifahamu kinyume hoja niliyoanza nayo. Nadiriki kusema zaidi: chuo chenye fedha za kununua ama vishikwambi 10 ama mipira 30 kinunue mipira. Simu wanafunzi wengi wanazo tayari, mpira hawana.

Inabaki hatima ya mwanafunzi huyu. Atahitimu, na huenda akapangiwa shule ya sekondari huko Kwamsisi au Magoma, ama shule ya msingi, ambako mtaala mpya umeingiza somo la Sanaa na Michezo. Huko ataikuta kanuni isiyoruhusu wanafunzi kuwa na simu shuleni, na mseto wote aliolelewa nao chuoni utakoma mlangoni. Vitakuwapo mpira mmoja, nguzo moja ambayo pete yake imechomelewa na fundi wa sokoni, na watoto 90. Kwa hiyo mtihani wa mwisho wa kozi, pamoja na maswali ya mtandaoni na video ya mwanafunzi akirusha, uwe na sehemu ya tatu: apelekwe katika shule ya jirani bila ya simu, apewe mpira mmoja na dakika 40, na afundishe kudunda kwa kutumia kijiti cha kuchorea ardhini, mawe ya kuwekea alama na sauti yake, mkufunzi akiwa ameketi kando na saa mkononi, akihesabu ni watoto wangapi walioushika mpira na kwa muda gani.